Siku Bibi Alipoianika Nyumba Yake

Kizibo cha kibuyu kikichomolewa baada ya miaka mingi, harufu hutoka yote kwa mkupuo: samli ya zamani, moshi, na ule uchachu wa maziwa yaliyolala. Harufu hiyo ilinikuta wiki iliyopita nikiwa stoo, nyumbani kwangu Geita mjini, nimejifunga kanga kiunoni, nimeapa kwamba jua halitazama kabla sijapunguza takataka nilizolimbikiza tangu tuhamie. Nilikuwa nimeshatoa viti vilivyovunjika, ndoo zisizo na mishikio, na nguo za kitoto za watoto ambao sasa wanavaa sare za shule. Nikafika kwenye kibuyu. Nilipokifungua niliacha kazi, nikakaa juu ya gunia la nguo kuukuu.

Wanaonijua hunitania kwa namna ninavyosafisha nyumba. Kwangu kila kitu lazima kitoke nje, kikae juani, mifuniko imefunguliwa, mlango wazi na geti wazi, apitaye aone. Mume wangu huniuliza kama ninafanya mnada. Huwa nacheka naye yakaisha, maana sababu yake ni ndefu na haielezeki mtu akiwa amesimama mlangoni. Ninyi mmekaa, basi nitawaambia.

Kabla sijafika miaka kumi nilikuwa nikiishi na Bibi Nkwimba, mama yake baba, katika kijiji kimoja kati ya Bulyanhulu na Masumbwe. Wazazi wangu walikuwa Shinyanga mjini wakihangaika na biashara ya mitumba katika chumba kimoja cha kupanga. Mimi, Limi, nikapelekwa kwa Bibi ili nile vizuri na nimsaidie kuchota maji. Kula nilikula kweli: michembe ya viazi vikavu, maziwa mgando, ugali wa mtama uliosimama sawasawa. Maji nayo niliyachota, ingawa nusu yalimwagikia mgongoni kwangu.

Bibi hakuwahi kutupa kitu. "Akiba haiozi," alikuwa akisema, na kwa kuwa haikuoza, ikaongezeka. Nyumba yake ya udongo ilikuwa na chumba kimoja cha kulala na kingine cha vitu, lakini vitu vilikuwa vimeshavuka mpaka zamani na kuingia tulikolala. Vibuyu vilining'inia darini, vingine vimepasuka na kushonwa kwa uzi wa katani. Palikuwa na majembe yaliyolika yakabaki kama vijiko, makopo ya siagi, redio isiyosema, kandili lisilo na kioo, ngozi za mbuzi, mapipa ya mtama yaliyotobolewa na panya. Pembeni palikuwa na vitu vya babu, ambaye nilizaliwa akiwa amekwisha kufa. Enzi zake alikuwa mcheza ngoma hodari, na Bibi alimtunzia njuga zake, mkanda wake wa simbi, na mkia wa nyumbu aliokuwa akiupunga uwanjani. Na chini kabisa ya kitanda kilikaa chungu cheusi, mdomo wake umefunikwa kwa ngozi na kukazwa kwa ukamba.

"Kuna nini humo, Bibi?" nilikuwa nikimuuliza.

"Mali ya mwenyewe," alinijibu, na hapo mazungumzo yalikuwa yamekwisha.

Sikuona ubaya wowote katika giza lile lenye vitu. Nilicheza humo, nililala humo, nilijificha humo nikikwepa kuosha vyombo. Wala sikuona ubaya katika macho yake. Kwetu kuni zilikuwa adimu, tulipikia mavi makavu ya ng'ombe, na moshi wake ni mkali. Miaka yote ile ya kuinamia mafiga ilikuwa imeyafanya macho ya Bibi kuwa mekundu na yenye machozi. Mimi nilidhani bibi wote huwa hivyo.

Asubuhi moja shangazi Minza, dada yake baba aliyeolewa Masumbwe, alifika kwa bodaboda bila kutuma salamu wala kubeba hata kipande cha sabuni. Nikajua kuna jambo. Alimkuta Bibi jikoni, mimi niko pembeni nabangua karanga, na haraka yake ilimsahaulisha kunifukuza.

"Mayu," alimwita mama yake kwa Kisukuma, "Maduhu amekwenda kupiga ramli."

Maduhu alikuwa baba yangu mdogo, kitinda mimba wa Bibi. Alikuwa mchimbaji katika machimbo madogo upande wa Bulyanhulu, na duara lake, shimo alilolichimba na wenzake kwa zaidi ya msimu mzima, lilikuwa halitoi kitu. Wenzake walianza kusema lina mkono wa mtu. Ndivyo walivyo wachimbaji: mwamba ukiwa mgumu hawaulaumu mwamba.

"Amesema nini mganga?" Bibi aliuliza huku akiendelea kuchochea moto.

"Amesema nyota yake imefungiwa kwenye chungu. Na chungu kiko chini ya kitanda cha mwanamke mzee wa damu yake, mwenye macho mekundu."

Bibi aliweka kijiti chini. "Wanawake wazee wa damu yake tuko wangapi?"

"Uko peke yako, Mayu. Nimeyasikia sokoni, kwa watu ambao hata hawamjui Maduhu. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja."

Karanga ziliniponyoka. Mwaka uleule, kijiji cha pili, bibi mmoja alikuwa ameondoka duniani kwa namna ambayo watu wazima waliinyamazia kila nilipotokea. Sikuambiwa kitu, lakini mlango wake nilikuwa nimeuona tulipokwenda mashine kusaga. Ulikuwa umepasuliwa katikati kwa panga, na hakuna aliyejisumbua kuutengeneza. Tangu asubuhi ile jikoni, kila nilipoutazama mlango wetu niliuona ule.

Siku zilizofuata niliijua hofu kwa mambo madogo. Watoto wa jirani yetu Mama Kulwa, ambao hawakuwahi kukosa kwetu wakati wa kula, waliacha kuja. Mama Kulwa mwenyewe aliurudisha ungo aliouazima kwa kuuegemeza kwenye uzio wa minyaa, akaondoka bila hodi. Kisimani nilimwamkia mama mmoja shikamoo, akaitika marahaba akiitazama ndoo yake. Bibi aliyaona yote hayo. Nilimwona akijaribu komeo la mlango mchana kweupe, akilifunga na kulifungua, akilisukuma kwa bega, kisha akitikisa kichwa.

Shangazi hakuwa amerudi Masumbwe. Yeye ndiye aliyekuja na shauri. "Tuviondoe vitu hivi vyote," alisema. "Mkia wa nyumbu, simbi, njuga, hayo mavibuyu. Wakija wakikuta nyumba tupu, watasema nini?" Bibi hakutaka. Alisema vitu vya marehemu havizikwi mara ya pili. Lakini shangazi alilia, na mama akililiwa na mwanawe hana nguvu tena, akakubali vizikwe vya babu tu; chungu alisema si chake, hawezi kukizika.

Jua lilipoanza kulala tulikwenda nyuma ya zizi. Shangazi alichimba, mimi nikabeba, Bibi akapanga vitu shimoni taratibu kana kwamba vinaweza kuumia. Njuga zililia kidogo zilipogusa chini. Tulikuwa tumeanza kufukia nilipoinua macho nikamwona Mama Kulwa amesimama ng'ambo ya uzio. Alikuwa akimtafuta mbuzi wake, na mbuzi mwenyewe alikuwa hapohapo kwetu anakula maganda. Mama Kulwa aliutazama mkia wa nyumbu uliokuwa bado unachungulia udongoni, akatutazama sisi, akaweka kiganja mdomoni. Kisha akageuka akaenda zake, na mbuzi wake akalala kwetu.

Shangazi alikaa chini palepale kwenye udongo. "Nimekuua, Mayu," alisema. "Nimekuua kwa mikono yangu."

Hata mimi, na utoto wangu, nilielewa. Kitu ambacho kimekaa ndani ni kitu tu. Kitu kinachozikwa nyuma ya zizi jioni ni uchawi, na sasa palikuwa na shahidi. Usiku ule sitausimulia. Ulikuwa mrefu, nilijikojolea, na Bibi hakunigombeza.

Kulipopambazuka niliamshwa na sauti ya njuga. Nilitoka mbio, nikamkuta Bibi amelifukua shimo lote peke yake, anaviosha vitu vya babu kwa maji ya kisimani, kimoja kimoja. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Aliponiona alisema, "Toa vitu nje."

"Vipi, Bibi?"

"Vyote. Mpaka kijiko."

Shangazi alidhani mama yake amechanganyikiwa, akamsihi wapande bodaboda waende Masumbwe saa ileile. Bibi alimjibu kwamba aliyekimbia usiku hukuta habari zake zimefika kabla yake. Basi tukatoa. Vibuyu tulivitungua, majembe tukayaburura, ngozi tukazikung'uta hadi tukapiga chafya sote watatu. Uwanja ulijaa, ukajaa tena, na bado ndani palikuwa na vitu. Jua lilipopanda nyumba ilikuwa tupu. Niliingia kuhakikisha, nikaita "Bibi!", na sauti yangu ikanirudia kutoka ukutani. Sikuwahi kuisikia nyumba ile ikijibu. Nilitoka nikakimbilia nje kwa woga.

Mwisho Bibi alikitoa mwenyewe kile chungu, akakiweka katikati, hakukifungua. Akaenda kusimama penye mwanya wa uzio, akaweka mikono mdomoni, akapiga mwano.

Kwa asiyejua, mwano ni yowe la hatari. Kwetu ukilisikia hulali, huli, huulizi. Unachukua silaha na kukimbilia linakotoka, kwa sababu mwizi amevamia au ng'ombe wameibiwa. Asiyekwenda hutozwa, na anayeupiga bure hutozwa zaidi. Shangazi alimshika mkono akimwambia, "Mayu, unawaita wenyewe!" Bibi aliutoa mkono, akapiga tena.

Wakaja. Walikuja kutoka mashambani na visimani, wanaume na marungu na mapanga, sungusungu na filimbi zao, wanawake nyuma yao. Nilijificha nyuma ya sketi ya shangazi. Katika kundi lile nilimwona baba mdogo Maduhu. Alikuwa ameshuka kutoka machimboni, na panga lilikuwa mkononi. Mpaka leo sijui kama aliukimbilia mwano au alikuwa tayari njiani.

"Mwizi yuko wapi?" aliuliza kamanda wa sungusungu, akihema.

"Ni mimi," Bibi alisema. "Si mnasema nimeiba nyota ya mtu? Mnaponong'ona mnapata tabu. Nyumba hiyo hapo, iko tupu, ingieni. Vitu hivi hapa. Pekueni."

Hakuna aliyesogea. Basi akaanza yeye. Alikiokota kila kitu, akakiinua juu, akasema kilikotoka. Njuga hizi, nani hapa hakumwona mume wangu akizicheza? Mzee mmoja akaguna kwamba alimwona, na kwamba hajatokea wa kumfikia. Mkia huu alikuwa akiupunga akiingia uwanjani. Jembe hili lililima shamba la Mama Kulwa mwaka aliojifungua mapacha. Kidogo kidogo shingo zilianza kunyooshwa. Mama mmoja alisema, "Heeh! Mchi wangu ule," na kweli ulikuwa wake. Mwingine akaitambua sufuria yake, mwingine stuli ya mama yake. Kumbe nusu ya akiba ya Bibi ilikuwa ya kijiji kizima, ilikuja na karamu na misiba ikasahaulika. Kicheko kikapita, na mimi nikachungulia kutoka kwenye sketi.

Kikabaki chungu.

Kicheko kilikatika chenyewe. Bibi akasema, "Maduhu. Njoo ufungue."

Baba mdogo alikuja pole pole. Alikata ukamba kwa lile panga, akaondoa ngozi, akachungulia. Kisha akaingiza mkono, akautoa umejaa mawe madogo, na mawe yale yakameremeta juani.

"Mbale! Mawe ya dhahabu!" mtu alipiga kelele. "Ni kweli! Dhahabu yake hiyo!" Watu walirudi nyuma wote kwa pamoja, marungu yakainuka. Shangazi alinibana usoni nisione. Nilijikwamua, kwa sababu kutokuona kuliniogopesha zaidi.

Bibi hakujitetea. Alikuwa akimtazama mwanawe tu, kwa macho yale mekundu, na mwanawe alikuwa akiyatazama mawe. Filimbi ya mtu iligongana na vifungo vya shati, nikaisikia. Mbuzi wa Mama Kulwa alilia. Midomo ya baba mdogo ilifunguka, ikafungwa. Nilitaka kupiga kelele aseme, aseme kitu chochote.

"Si dhahabu," alisema hatimaye. "Ni mawe yangu haya. Niliyaokota mimi, nikichunga, nikiwa kama huyu Limi. Nilikuwa namletea nikimwambia ni dhahabu, tutajenga nyumba ya bati." Alimgeukia mama yake. "Mayu, uliyatunza ya nini?"

"Uliniambia nikutunzie," Bibi alisema.

Kamanda wa sungusungu alichukua jiwe moja, akalikwaruza kwa ukucha, likabanduka magamba maembamba, jambo ambalo dhahabu haifanyi. Akalirudisha chunguni kwa adabu, akalishusha rungu lake. Mtu alicheka, kisha wengi. Mama Kulwa alilia akimshika Bibi mkono, akisema moshi wa moto wa mavi ya ng'ombe utatupofusha sote.

Ndipo Bibi alipofanya jambo lililonifurahisha kuliko yote. Alianza kugawa. Aliyekuwa amekuta chake akakichukua, na asiye na chake akapewa. Njuga zilikwenda kwa yule mzee, mkia wa nyumbu akapewa kamanda, mkanda wa simbi akavishwa Mama Kulwa kiunoni huku watu wakipiga vigelegele. Hakuna aliyeondoka mikono mitupu. "Wabeja, Mayu, wabeja," walishukuru wakitoka, na uwanja ukawa na shangwe kama ya harusi. Baba mdogo alikabidhiwa chungu chake na mawe yake. Mimi nikapata kibuyu cha samli. Nilidhani tunasherehekea.

Kabla ya jioni Bibi alipanda bodaboda pamoja na shangazi, nikiwa nimebanwa katikati, tukaenda Masumbwe. Alibeba stuli na kitenge cha kubadilisha. Hakurudi tena kulala katika nyumba ile.

Hilo lilinitatiza kwa miaka. Si alikuwa ameshinda? Nilikuja kumuuliza nikiwa binti mkubwa, siku moja ninamsuka nywele. Akasema, "Maduhu alijibu vizuri. Lakini alichelewa kujibu."

Nami nilikuwa pale, nilikuwa nimekisikia kimya kile kwa masikio yangu, nikakiita woga wa baba mdogo. Sikujua kwamba mama yake alikuwa akikipima. Na zawadi zile nazo nilizielewa nilipokuwa na nyumba yangu na majirani zangu. Bibi hakuwa anasherehekea. Alikuwa akiweka kitu chake katika kila nyumba ya kijiji, ili yeyote atakayesema vile ni vyombo vya mchawi awe na kimoja ukutani kwake. Mwanamke yule aliyeshindwa kutupa hata kopo la siagi aliachana na vyote kwa asubuhi moja, na akanunua maisha yake kwa vitu hivyo.

Baba mdogo alikuwa akija Masumbwe na sukari, wakazungumza vizuri, wakacheka. Bibi alimpenda mpaka mwisho. Ila akija, alikuwa akimpokea uani, si ndani.

Kule Masumbwe hakulimbikiza tena. Alikuwa na kitanda ambacho chini yake macho yalipenya mpaka ukutani, kikombe kimoja, sahani moja, na mlango uliofunguliwa alfajiri ukafungwa watu wakienda kulala. Ndiyo maana alipofariki tulilazimika kuazima vikombe vya matanga kwa majirani. Nilikuwa nimeshahamia Geita. Shangazi Minza alinipigia simu mchana, na kabla hajaanza kulia alisema, "Amefia kitandani, Limi. Kitandani kwake, mlango wazi." Akarudia tena, "kitandani kwake," na mimi, nikiwa nimesimama katikati ya nyumba yangu iliyojaa vitu, nilimshukuru Mungu kwa sauti kabla sijalia.